Namba Nyuma ya Clé

Watu wa avenue yetu wanasema Bernadette iko na hasira ya moto wa majani. Waongo. Moto wa majani unazimika mbio. Hii habari nawaambia iko na miezi tano na bado inaniwaka mu koo. Kama munasikia sauti yangu inapanda, munivumilie, sababu walionifanyia vile ni watu wawili ambao nilikuwa nawapenda kuliko mwili wangu.

Niko na secrétariat hapa Bunia, mu mutaa wa Shari. Meza mbili, photocopieuse moja, banc ya kukalia clients, na machine ya mezani, kompyuta, niliyoachiwa na padri mumoja wakati walimuhamisha kwenda Mahagi. Ninaandikia watu: barua za kuomba kazi, barua za wapangaji wenye kugombana, matangazo ya ndoa, matangazo ya kilio. Ile machine iko na miaka kumi na tano. Ukiiwasha inanguruma kama kinu ya muhogo, na wifi haina, sababu wakati walikuwa wanaitengeneza hakuna mutu wa Bunia aliyejua wifi ni nini. Watu wananicheka: "Mama Adé, hii muzee bado inakula mafuta?" Nawajibu: "Inakula, na weye mwenye simu ya kioo umekuja kwangu kuandikiwa."

Mwaka huu nikahitaji internet kwa lazima. Ni kwa ajili ya Adé, mutoto wangu wa pekee. Alipata diplome yake mu mwezi wa nane, na nikasikia kuna shule moja ya wauguzi, ya masista, ng'ambo kule Uganda, mwendo wa siku moja kupita Aru. Wanachukua watoto wawili tu kutoka Ituri nzima. Dossier haipokelewi kwa mukono, unaijaza mu internet, kurasa kumi na nane, na mwisho ni Ijumaa saa kumi ya mangaribi. Nilijaribu kuifungua mu simu, ikajikunja, herufi zikawa kama chawa.

Niseme wazi namna nilivyoitaka ile shule. Miye mwenyewe nilitaka kuwa infirmière, muuguzi. Nilifika deuxième secondaire, mwaka wa pili wa sekondari, vita ikaingia mu Bunia, shule ikafungwa, na siku ilipofunguliwa nilikuwa na mutoto mu tumbo. Kisha, sasa iko miaka mbili, bwana yangu Jérôme aliugua figo, na Adé ndiye alikuwa garde-malade wake, mwenye kumuuguza mu hospitali, miezi mbili na nusu, mpaka mwisho. Miye nilibaki mu secrétariat, sababu dawa hazinunuliwi kwa machozi. Kila mutu aliyekuja kwa kilio alisema: "Huyu mutoto ni infirmière wa kuzaliwa." Nikalishika lile neno kama la Injili.

Sasa niwaambie Adèle ni nani. Adèle, Mama Gentille, anauza vitenge nyumba tatu kutoka kwangu, na juu ya nyumba yake kuna antenne ya satellite. Anauza code za wifi, watu wanakaa mbele ya mulango wake asubuhi mpaka jioni, vichwa chini, kama wanasali. Ni mutu wa Mahagi, mukatoliki wa misa ya kila siku. Wakati wa vita tulikimbia pamoja, tukala mu sahani moja. Nilipozaa, nikamupa mutoto jina lake. Kwetu ile si heshima ya mudomo tu. Mutoto na mwenye jina wanakuwa ndoyi. Hawaitani mama na mutoto, wanaitana ndoyi, kama watu wa umri moja. Ndoyi akija kwako na njaa, unamupakulia yeye mbele. Ndoyi akikuomba kitu, haumukatalii, sababu unakuwa umejikatalia weye mwenyewe. Adèle alilishika lile neno kabisa. Hata kiatu cha kwanza cha Adé kilitoka kwa ndoyi wake.

Basi, Abdoul, ule mwenye kuleta vitu kutoka Aru, akaniletea clé ya wifi. Kitu kidogo, kifupi kama kidole gumba, na antenne yake pembeni. Unaichomeka nyuma ya machine, inakamata wifi. Jumatatu ileile Adèle alikuja kuiona. Akaigeuza-geuza mu mukono, akasema: "Kadogo hivi! Sasa dossier ya ndoyi itaenda." Ya Gentille, mutoto wake, ilikuwa imekwisha kwenda wiki iliyopita, shule ileile. Sikuona ubaya. Nafasi ziko mbili, watoto wawili, Mungu anajua kuhesabu.

Abdoul alisema: "Mama, iko rahisi, pilote iko mu CD." Pilote ndiyo inaifundisha machine kujua clé. CD kweli ilikuwamo, ndogo kama biskuti. Lakini mulango wa CD wa ile machine haujafunguka tangu padri. Nilivuta na kisu, nikavunja kisu. Jumatatu jioni nikaenda kumwita Davy, fundi wa simu na machine, baba ya watoto wane, mutu wa polepole mpaka unatamani kumusukuma. Jumanne Davy akaenda na flash, akaleta pilote. Machine ikaikataa: ile pilote ilikuwa ya machine za sasa, na ya kwangu ni ya zamani. Davy akasema: "Pole, Mama. Nitatafuta ya wazee." Jumatano akarudi na ya wazee. Ikaingia. Lakini taa ya clé ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika. Tukatoa clé mbele, tukaichomeka nyuma, kule kwa vumbi, Adé akitushikia tochi. Taa ikawaka bluu na ikabaki bluu. Nikapiga kelele mpaka majirani wakaja.

Mu kioo zikatokea wifi zote za avenue, na ya juu kabisa, yenye nguvu, ni ya Adèle. Nikaandika code yake. Duara likazunguka, likazunguka, kisha machine ikaandika kwamba haiwezekani kuunganisha. Nikaandika tena. Haiwezekani. Mara ya kumi, haiwezekani. Adé akasema: "Jaribu tena, Mama." Nikajaribu.

Nikaenda kwa Adèle. Akaacha mukasi, akanishika mukono. "Berna, dada yangu, ile machine imezeeka. Si kosa lako." Nikamuambia Davy anasema clé iko muzima. Akasema: "Ngoja kesho, nitamuita mutu aangalie box yangu, ile ya kugawa wifi." Kesho, ambayo ni Alhamisi, mutu hakuja. Wifi nyingine za avenue ni za watu waliofunga milango yao. Na simu? Wiki ile pylône, munara wa simu wa upande wetu, ilikuwa panne, imekufa, simu zetu zote zilibaki tochi. Mutasema: kwa nini haukwenda kwa cyber ya centre-ville? Haya, mucheke. Miye, mwenye secrétariat, nisimame mu foleni na vijana, nikiomba nafasi ya kuandika? Kiburi hicho ninakikubali. Na mbele ya kiburi, kulikuwa na kingine: Adèle alisema ngoja, na kwa Adèle miye sikuwa najua kupima maneno.

Alhamisi usiku sikulala. Nilijitukana. Nilisema, Bernadette, mutoto wako anakosa maisha sababu ya ubahili wako, sababu ulikataa kutafuta machine mupya. Nilimuomba Adé musamaha. Ndiyo, miye, nilikaa kwa kitanda chake, nikasema: "Unisamehe, mutoto wangu." Akageukia ukuta, akasema: "Ulale, Mama."

Ijumaa, saa saba, Davy alikuwa kwangu tena, simu yake ikalia mu mufuko wake. Pylône imefufuka! Davy akasema: "Mama, tujaribu kitu. Natoa internet mu simu yangu, clé ikamate ya simu." Nikaandika code ya simu yake. Duara halikumaliza hata kuzunguka. Imeunganishwa. Kurasa zikafunguka mbio, na miye nikaruka juu kama mutoto.

Davy hakuruka. Alikaa akitazama clé. "Mama," akasema, "basi clé haina shida. Machine haina shida. Shida iko kule." Akasema ni yeye alipanga box ya Adèle, na anajua namna ya kuifungua. Akatembea mpaka karibu na mulango wa Adèle, akarudi na simu, uso umemuanguka. Akaniomba nitoe clé, akaigeuza, akasoma namba ya nyuma. Kila clé iko na namba yake, kama pikipiki na plaque. Kisha akanionyesha simu. Kulikuwa na liste ya waliofungiwa, ile Adèle aliombaga kwa ajili ya vijana wa kuiba code. Mu liste kulikuwa na namba moja tu. Tulizisoma herufi kwa herufi. Ilikuwa yangu.

"Imefungiwa lini?" nikauliza.

"Jumanne. Saa mbili ya asubuhi."

Jumanne! Clé yangu iliwaka Jumatano. Kumbe walinifungia mulango mbele sijafika hata mu kiwanja! Na mara moja nikamuona Adèle, Jumatatu, akigeuza-geuza clé mu mukono wake. Kadogo hivi. Eh, Mungu wangu. Nafasi ni mbili, na mutoto wake ameisha kutuma, na kila anayekosa ni mutu mumoja kapungua mbele ya Gentille.

Sikumbuki namna nilifika kule. Walikuwa watu kama sita pale mbele. Nikasema: "Adèle! Toka! Toka hawa watu wakuone sura!" Akatoka na metre ya kupimia kitenge mu shingo. "Niliipa damu yangu jina lako," nikasema, "na weye unaifungia na namba! Siku tatu unanishika mukono, pole Berna, machine imezeeka Berna! Nani amezeeka? Roho yako ndiyo imezeeka, imeoza!"

Wale watu wakaacha simu zao. Adèle akasema polepole: "Ni kweli. Ni miye nilifunga."

"Kwa ajili ya Gentille!"

"Niliombwa, Berna."

"Na nani? Na Gentille? Mutoto wako akiomba, wangu azikwe?"

Akatoa metre mu shingo. Macho yake yalijaa machozi, na yale machozi yaliniongezea hasira, sababu aliye na haki ya kulia ni miye. Akasema tu: "Yule aliyeniomba, sikuweza kumukatalia. Nakufungulia sasa hivi. Lakini mbele ya kutuma, ongea na ndoyi wangu."

"Usimuite tena vile!" nikasema. "Na internet yako ukae nayo, ikusaidie mbinguni!" Nikatema mate chini, mbele ya mulango wake. Kikulacho kiko mu nguo yako, tangu utoto nasikia wazee wakisema, na siku zote nilifikiri wanasema habari ya watu wengine.

Nikarudi, Davy akaniachia simu yake, akaenda zake, sababu alikuwa na haya kuliko siye wote. Nikaanza kujaza. Hakuna mutu mu Bunia anayepiga machine mbio kama miye nikiwa na hasira. Jina, jina la kwetu tunaloita post-nom, parokia, pointi za diplome. Wakaomba sababu ya kutaka kuwa muuguzi. Nikaandika habari ya Jérôme, miezi mbili na nusu, namna mutoto alimutunza. Niliandika vizuri mpaka nikalia mwenyewe. Saa tisa na nusu kulibaki kitu kimoja, kubonyeza kutuma.

Adé aliingia. Alisimama nyuma ya banc ya clients.

"Mama, usitume."

"Usiogope," nikamuambia. "Nimemupata mwizi. Sasa unaenda."

"Namba ni miye niliandika. Jumatatu, ulipoenda kwa Davy. Niliiandika mu kiganja na bic, nikaipeleka kwa ndoyi. Ni miye nilimuomba afunge."

Nilicheka. Kweli, kwanza nilicheka. Kisha nikamutazama na nikaona haongopi.

"Kwa nini haukuniambia miye?"

"Nilikuambia. Pasaka nilikuambia, ukasema nitazoea. Siku ya matokeo nilikuambia, ukaniziba mudomo na mukono mbele ya wageni. Wiki iliyopita nilikuambia, ulikuwa unapiga machine, haukugeuka hata kichwa." Sauti yake haikupanda. Hiyo ya kutopanda aliitoa kwa baba yake. "Hospitali siwezi, Mama. Weye ulikuja na chakula na ulirudi. Miye ndiye nilimugeuza, nilimupanguza. Aliniita jina la mama yake, usiku mzima, akiniomba nimupeleke nyumbani. Nguo za kule nilizichoma. Uliniona nazichoma. Uliniuliza kwa nini naharibu nguo."

Mungu ananisikia: kama ningesema kwamba pale niliumia kwa ajili yake, ningekuwa naongopa. Nilichosikia pale ni kingine. Nilisikia kwamba watu wawili wenye jina moja, jina nililolitoa miye, walikaa mu nyumba nyuma ya vitenge, wakanizungumzia, wakanihukumu, wakanifungia inje. Nilimuona Adé akishika tochi nyuma ya machine, akijua. Akisema jaribu tena, Mama, akijua. Nilimuona kitandani nikimuomba musamaha, na yeye anageukia ukuta, akijua! Adui wa mutu ni watu wa nyumba yake, Biblia ilisema, na nilikuwa napita lile andiko mbio mbio.

"Basi shule hii unaitaka ao hauitaki?" nikauliza, na nilikuwa naangalia saa.

"Siitaki."

Nikabonyeza.

Ile machine iliyokataa kila kitu siku tatu, ilituma mu nusu dakika. Ikaandika kwa kijani: imepokelewa. Adé alisoma yale maneno. Hakulia, hakunitukana. Aliingia mu chumba, akatoka na sac yake ya nguo, akaenda kwa Adèle, na tangu siku ile alikuwa analala kule.

Avenue nzima ilinipa haki. Walisema Adèle amekula mutoto wa mwenzake. Wanawake wengine waliacha kununua kwake, na yeye hakufungua mudomo kujitetea hata siku moja, na miye niliwaacha waseme. Nasema kile kilichokuwa. Kama alikuja kunisalimia mu misa, niligeuka. Nilikuwa na uchungu, na uchungu ule nilikuwa nao kwa haki: kama mutoto anakuja kwako na siri ya kumuumiza mama yake, weye mutu mukubwa unamuchukua mukono unamurudisha kwa mama yake. Hauendi kufunga box! Hata leo nasema vile. Haukatalii ndoyi, sawa, lakini na miye nilikuwa nani?

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Gentille hawakumuchukua. Adé walimuchukua, na waliandika kwamba maneno yake juu ya baba yake yaliwagusa sana. Nililisoma peke yangu, mara tatu. Nilikuwa nimengojea ile karatasi tangu deuxième secondaire. Nikalichapa kwa imprimante, na sikuwa na mutu wa kumupa. Nikamutuma jirani mumoja amuambie mutoto apite.

Akapita kesho yake. Alikaa kwa banc, kule clients wanakaa. Amekonda kidogo. Nikamupa karatasi, akasoma mpaka chini, akaikunja.

"Nitaenda," akasema.

"Kweli? Uliona! Nilikuwa nasema utazoea."

"Sitazoea. Naenda sababu ni mbali."

Nikageukia machine, sababu kulikuwa na formulaire ya kuthibitisha, ya kutuma siku ileile, na mikono yangu ilihitaji kazi. Nikamuuliza jina, kama simujui. Akajibu. Nikamuuliza tarehe ya kuzaliwa, akajibu, na tarehe ile nilikuwako. Tukafika kwa ile ya mwisho.

"Jina la mutu wa kujulishwa, kama kuna ugonjwa ao kifo."

"Adèle," akasema.

"Wanauliza muzazi."

"Soma vizuri, Mama. Hawakuandika muzazi."

Nikasoma. Kweli hawakuandika. Vidole vyangu vilibaki juu ya herufi. Kisha nikaandika: Adèle, na post-nom yake, na namba ya simu yake, ambayo naijua kwa kichwa tangu miaka kumi. Penye waliuliza ni nani kwa mutoto, nikaandika: ndoyi. Nikamusomea yote kwa sauti, kutoka juu mpaka chini, na nikamuuliza kama iko sawa.

Akasema iko sawa.